Gari halijui kwamba umetoka barabara kuu

Niliahidi kwamba safari hii tungeendelea na mambo ya hifadhidata, lakini hayo yatangoja kidogo. Kuna jambo lililonipata Jumapili, na tangu hapo limekataa kunitoka kichwani.

Shemeji yangu amenunua gari. Si jipya, ni kama haya yetu mengi: limetumika Japani miaka kadhaa, likapanda meli, likashukia Mombasa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo yanayoshuka bandarini siku hizi si zile Corolla za zamani zilizokuwa na redio na kiyoyozi basi. Haya yana rada nyuma ya nembo, kamera juu ya kioo cha mbele, na vitufe kwenye usukani kama rimoti ya televisheni. Shemeji aliniomba nilijaribu, kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo (wenzangu mnajua mzigo huo). Nikamchukua Mama twende kumsalimia shangazi upande wa Kikuyu, tukapita Southern Bypass.

Nikawasha kruzi kontroli, ile ya kisasa inayofuata gari la mbele. Kwa ambaye hajaitumia: unaiambia spidi unayoitaka, mimi niliweka 90, kisha unaondoa mguu. Ukilikuta gari la polepole, lako linapunguza mwendo lenyewe na kulifuata kwa umbali wa heshima. Lile likitoka njiani, lako linarudi kwenye 90. Tulikuwa nyuma ya lori lililokuwa likienda kama 50. Nikatulia nyuma yake kilomita mbili tatu, Mama anapiga hadithi, hata nikasahau kabisa kwamba niliweka 90. Tulipofika mahali petu pa kutokea nikatia indiketa ya kushoto, nikaingia kwenye rampu, yaani ile barabara fupi iliyopinda inayokutoa barabara kuu. Lori likanyoosha na safari yake.

Sasa jiweke mahali pa gari. Lori halipo tena. Mbele ni peupe. Spidi iliyoombwa ni 90, tuliyo nayo ni 50. Kwa hivyo likakanyaga mafuta. Ndani ya kona!

Nilishika breki nikiwa nimeshtuka, na Mama akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Unakimbilia wapi wewe?" Nikamwambia si mimi, ni gari. Hakuamini. Nadhani hata askari wa trafiki hangeamini.

Hakuna aliyeumia. Na kinachonikera zaidi ni kwamba gari halikuwa na hitilafu yoyote. Lilifanya kile hasa lilichoandikiwa kufanya. Ningekuwa mimi niliyepewa kazi ya kuupima mfumo ule, ningesoma maelezo yake, ningeona umetimiza kila mstari, ningeupitisha na kwenda kunywa chai.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Nguvu inayokutupa nje ya kona hukua kwa mraba wa spidi. Chukua spidi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa nusu kipenyo cha kona. Tuseme kona ina nusu kipenyo cha mita 60, kipimo kisicho kigeni kwa rampu za mzunguko, na tuache kwanza mwinamo wa lami. Ukipita kwa kilomita 40 kwa saa unapata kama mita 2 kwa sekunde mraba, yaani kama sehemu moja ya tano ya uzito wako inakuvuta kando. Chai kwenye kikombe inainama tu. Ukipita kwa 80 unapata 8.2. Spidi imezidi mara mbili, nguvu imezidi mara nne, na hapo umekaribia mwisho wa uwezo wa tairi nzuri kwenye lami kavu. Mvua ikinyesha umeshaupita. Lori lililopakiwa mzigo mrefu halifiki hata huko, kwa sababu hupinduka kabla tairi hazijateleza, mengine kabla ya kufika nusu ya namba hiyo. Na ile 90 niliyokuwa nimeiweka? Inatoa 10.4. Hiyo ni zaidi ya uzito wako wote ukikuvuta kando.

Bila shaka gari lisingefika 90 kabla sijashika breki, na mimi nilikuwa macho. Lakini je, kama ningekuwa nimegeuka kumjibu Mama?

Mnazikumbuka sheria za Michuki? Zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 matatu zililazimishwa kufunga spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Gavana ni kifaa kijinga, na watu wamekichezea kila namna, lakini kina adabu moja: ni dari. Kinasema usipite hapa, basi. Hakijawahi kumkanyagia dereva mafuta ili afike 80. Kruzi kontroli ni kinyume chake. Namba unayoipa haiichukui kama dari, inaichukua kama lengo, na itaitafuta kila inapopata nafasi.

Kwa jicho la mwandishi wa programu, kosa liko hapo. Nilipoweka 90 nilikuwa nasema jambo kuhusu barabara ile, leni zile, kunyooka kule. Mfumo ukalihifadhi kama namba tupu. Wenzangu wa kazi hii mtalitambua mara moja: kigeu kilichojazwa mahali pamoja kinasomwa mahali pengine, ambako maana yake imeshakufa. Tumekesha usiku mangapi tukitafuta makosa ya aina hiyo? Tofauti ni kwamba letu huharibu ankara ya mteja, na hili lina mama yangu kiti cha nyuma.

Ukitazama zilikotoka mashine hizi utaelewa ni kwa nini ziko hivi. Mitsubishi waliweka mfumo wa laza wa kupima umbali kwenye Diamante mwaka 1995 kule Japani, na ule haukuweza hata kushika breki, uliweza kupunguza mafuta na kushusha gia tu. Mwisho wa miaka ya 90 Mercedes wakaja na rada. Zilitengenezwa kwa barabara kuu ndefu iliyonyooka, ziwe starehe kwa dereva aliyechoka. Hadi leo kiwango cha kimataifa cha mifumo hii, ISO 15622, huipanga kwa madaraja kulingana na kona ambayo inaweza kuendelea kulifuata gari la mbele bila kulipoteza: nusu kipenyo cha mita 500, 250, na daraja la juu kabisa, 125. Kona yetu ya mita 60 haimo hata kwenye mtihani.

Na hapo kuna jambo baya kuliko lililonipata mimi. Tuseme lile lori lingetoka pamoja nami kwenye rampu. Kona ikikaza, lori linaweza kuponyoka pembeni mwa macho ya rada, na gari langu likaamini kwamba njia ni nyeupe. Likakanyaga mafuta kulielekea lori ambalo mimi naliona kwa macho yangu mawili!

"Lakini siku hizi kuna kamera," utaniambia. Haya, tuiangalie kamera. Chukua yenye upana wa nyuzi 50, yaani 25 kila upande. Ukiwa tayari ndani ya kona ya mita 60, barabara inatoka nje ya picha baada ya kama mita 52. Ili kushuka kutoka 80 hadi 40 kwa breki ya upole, mita 2 kwa sekunde mraba, unahitaji mita 93. Kwa breki ya nguvu zaidi, 3.5, unahitaji 53. Kwa hivyo gari linaloitambua kona likiwa ndani yake limeshachelewa. Ni lazima liione kabla, mita 90 na zaidi mbele, na huko mstari wa leni wa upana wa sentimita 15 ni pikseli mbili au tatu kwenye kamera ya pikseli 1280. Hapo nimechukulia mstari upo na umepakwa rangi juzi, nanyi mnazijua barabara zetu.

Kihisi cha kupima jinsi gari linavyozunguka nacho kinakuambia kona uliyomo sasa hivi. Hakisemi lolote kuhusu inayokuja.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua hadi nilipokaa kusoma wiki hii. Mifumo ya kukusaidia usukani ina kikomo chake. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya na Japani, inaweka ukomo wa mita 3 kwa sekunde mraba kwa msaada wa kushika leni kwenye magari madogo. Kwa kona yetu hiyo ni kama kilomita 48 kwa saa. Ikizidi hapo, usukani unasema mimi basi, na kukurudishia kazi. Vizuri. Lakini kwenye magari mengi, usukani ukijitoa, kruzi kontroli inabaki kazini! Sehemu moja ya gari imeshajua kwamba kona hii imeishinda, na sehemu inayoshika mafuta haijapewa habari. Ni kama ofisi mbili za serikali kwenye jengo moja, unatumwa ya pili ukapeleke barua ambayo ya kwanza ingeipitisha dirishani.

Watengenezaji wamelijua tatizo hili na wengine wamelifanyia kazi ya kusifika. Subaru walitoa EyeSight X kwenye Levorg mwaka 2020 kule Japani, yenye ramani ya kina na satelaiti, na inapunguza spidi kabla ya kona. Hyundai wana kruzi kontroli inayosoma kona kutoka kwenye ramani ya gari. Toyota nao wameweka kupunguza mwendo konani kwenye mifumo yao ya karibuni. Cadillac mwaka 2017 walianza na mfumo uliotegemea barabara kuu za Marekani na Canada zilizopimwa kabla kwa laza.

Jibu la wengi, mnaona, ni ramani. Na hapo ndipo mimi nawaacha, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: ramani ya gari la shemeji ni ya Japani. Ukiliwasha hapa Nairobi skrini inadhani bado liko kwao, na kila asubuhi kuna mwanamke anayekuambia jambo kwa Kijapani. Tumeambiwa analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Uwezo wowote unaotegemea ramani ile ulikufa meli ilipong'oa nanga, lakini kitufe kilichobaki kwenye usukani ni kile kile na taa inayowaka ni ile ile. Dereva hana njia ya kujua kwamba amenunua nusu ya mfumo.

Ya pili nimejifunza kwa aibu. Miaka michache iliyopita niliandika programu ya kufuatilia magari ya kampuni moja ya kusambaza bidhaa hapa mjini. Kila gari lilituma mahali lilipo, programu yangu ikatafuta barabara iliyo karibu zaidi, ikalinganisha spidi na kikomo. Rahisi. Kisha ikafunguliwa Nairobi Expressway mwaka 2022, kilomita 27, na sehemu yake imejengwa juu ya barabara ile ile ya zamani, nguzo zikiwa katikati. Satelaiti inajua uko wapi kwa upana wa mita kadhaa. Kwa kimo ni dhaifu zaidi. Dereva mmoja akapita juu, akienda 78 mahali ambapo kikomo ni 80, na programu yangu ikaamua kwamba yuko chini, ambako nilikuwa nimeweka 50. Ikafanya hivyo mara nne kwa mwezi mmoja. Akakatwa mshahara kabla yeyote hajaja kuniuliza. Alipoleta malalamiko nilifungua rekodi nikiwa na uhakika kwamba anadanganya. Risiti zake za kulipia barabara ndizo zilizomwokoa, na pesa zikarudishwa, lakini mimi bado nikimwona napata haya.

Sasa chukua kosa lile lile ulipe breki. Rampu huanza sambamba na barabara kuu, mita tatu nne kutoka kwenye leni yako. Ramani ikikosea upande mmoja, gari linabaki na spidi kubwa ndani ya kona. Ikikosea upande wa pili, linashika breki katikati ya barabara kuu na basi liko nyuma yako. Hofu ya namna hiyo si ya kubuni. Mwezi wa Februari 2022 idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu Tesla kama 416,000 kwa malalamiko ya kushika breki bila sababu, ingawa chanzo kilicholalamikiwa si lazima kiwe ramani.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na yako chini ya ramani na juu ya gavana. Gari likipoteza lililokuwa likilifuata, huku indiketa ya kutokea inawaka, au usukani umekunjwa, au mistari ya leni imepotea, lisiongeze spidi. Libaki pale pale lilipo na kumngoja dereva aguse kitufe au mafuta. Halihitaji kujua rampu ni nini. Linahitaji kujua tu kwamba mambo yamebadilika tangu ile 90 ilipowekwa, na dalili hizo zote tayari ziko ndani ya gari, kwenye waya zile zile. Na usukani ukisema nimeshindwa, mwendo usiendelee kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Msiniambie kwamba kumuuliza dereva ni usumbufu usiovumilika, kwa sababu wanamuuliza tayari! Magari mengi yenye mfumo huu, yakisimama kwenye foleni zaidi ya sekunde chache, hayaondoki tena hadi ubonyeze kitufe au uguse mafuta. Yaani kutoka 0 hadi 10 kwenye foleni ya Mombasa Road linaomba ruhusa, na kutoka 50 kwenda 90 ndani ya kona linajiamulia. Nani alikaa kwenye mkutano huo?

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Rampu ya kuingilia barabara kuu inataka gari liongeze spidi, na gari linalositasita pale linaweza kugongwa kwa nyuma. Ni kweli. Lakini mtu anayeingia barabara kuu yuko macho, anatazama vioo, na mguu wake uko karibu na mafuta. Anayetoka ndiye aliyelegea. Ameendeshwa nusu saa na mashine, anadhani kazi imeisha, na mwili wake umezoea spidi hata 70 anaiona kama kutembea. Gharama ya kugusa mafuta mara moja wakati wa kuingia naikubali.

Mtasema pia kwamba kitabu cha mwongozo kimeonya. Nimekitafuta kwenye intaneti, na ni kweli, vitabu vya mifumo hii huonya usiitumie kwenye kona kali wala mahali pa kuingilia na kutokea barabara kuu. Cha gari la shemeji kilibaki Japani, au kipo kwenye droo kwa lugha ambayo ukoo mzima hatuisomi. Onyo lililo muhimu kiasi hicho lilipaswa kuandikwa mahali ambapo halihitaji mkalimani, ndani ya programu yenyewe.

Kwa sasa nimemwambia shemeji aitumie barabara ya Thika akipenda, lakini akikaribia kutoka aizime kwanza kabla ya kutia indiketa. Ameniuliza kitufe cha kuzima ni kipi kati ya vile vyote. Kesho asubuhi anakuja tukae ndani ya gari, injini imezimwa, tuvipitie kimoja kimoja. Mama amesema hadi tutakapomaliza yeye atapanda matatu.